Iskanderia: samaki wa mizani, samaki wa menyu, au ful ya kona?

Mikahawa ya Iskanderia, mji ambao ramani nyingi huuandika Alexandria, inagawanyika kwanza kwa mizani. Kuna sehemu ambako samaki analala juu ya barafu mlangoni, unamchagua, anapimwa, unalipa kwa kilo. Kuna sehemu ambako unakaa, unafungua menyu na kulipa kwa sahani. Na kuna sehemu ambako samaki hayumo kabisa, unakula ful (maharage ya kuchemsha), falafel (bajia zake) au maini kwa fedha ndogo na kuondoka umeshiba. Ukishajua leo unataka ipi kati ya hizo, jina la mkahawa huwa jambo dogo.

Msemaji wa Kiswahili ana bahati moja hapa. Maneno ya mizani ni yale yale: mizan, kilo, nuss, rob', na mwishoni hesab. Hata asiyejua Kiarabu akitamka "nusu kilo" polepole ataeleweka. Mtaa wenyewe wa samaki unaitwa Bahary.

Bahary na Anfoushi: kula kwa mizani

Huu ni mtaa wa rasi iliyo kati ya bandari ya mashariki na ya magharibi. Kwenye ncha yake imesimama ngome ya Qaitbay, iliyojengwa kati ya 1477 na 1479 mahali palipokuwa na mnara wa taa wa kale. Soko la samaki la Anfoushi liko humo humo, na mikahawa inanunua pale pale alfajiri.

Majina mawili yanatosha kuanzia. Qadoura, barabara ya Bairam al-Tonsi, haitegemei menyu: unachagua kwenye barafu na saladi zinaletwa bila kuitwa. Watu wa Misri hawaitamki ile Q, kwa hiyo dereva wa teksi mwambie "Adora", la sivyo atakuzungusha. Abu Ashraf, barabara ya Safar Pasha, ni ya aina hiyo hiyo ila jiko liko karibu zaidi na mteja, unaona samaki wako anavyobanikwa. Hapo pia kuna kishk ya kamba, chakula kizito cha maziwa kinachookwa na kamba ndani. Kati ya hizo mbili, mwenye kundi la watu sita aende Qadoura. Wawili wanaotaka kuangalia jiko waende Safar Pasha. Anayefuatana na mtu asiyekula samaki naye aelekee Safar Pasha, kwa sababu mtaa huo una Hosny Grill ya kuku na kebab, na hakuna atakayebaki na njaa.

Utaratibu wa mizani una hatua zake, na wageni wengi wanaolalamika kwamba "wameibiwa" waliruka moja.

Usikae kwanza. Ukishakaa, mhudumu ndiye atakayekuchagulia samaki. Simama kwenye barafu, muite muuzaji "ya rayyis", na uulize bei ya kilo kwa kila aina peke yake, kwa kuwa mkizi na kamba wanalala sinia moja lakini bei zao hazikaribiani. Uliza papo hapo kama bei hiyo ni pamoja na kupika. Kuna wanaojumlisha, na kuna wanaoongeza ada ya jiko kwa kila kilo. Kisha mwone akipimwa, maji yamechuruzika, bila beseni. Hupimwa akiwa na utumbo na magamba, na huo ndio utaratibu wa mji mzima, si ujanja wa mtu. Mwisho taja namna ya kupika kwa kila samaki, na uombe uzito uandikwe kwenye karatasi. Karatasi hiyo ndiyo utakayoilinganisha na hesabu.

Wengi huagiza kupita kiasi. Kwa samaki mzima hesabu gramu 400 hadi 500 kwa mtu, maana kichwa, mifupa na utumbo hula karibu nusu ya uzito. Watu wawili wanatosheka na mkizi mmoja wa gramu 800 na robo kilo ya kamba. Muuzaji atakwambia kilo mbili. Kumbuka pia kwamba kabla samaki hajafika, meza itakuwa imejaa mkate wa moto, tahina (ufuta uliosagwa na kuchanganywa na ndimu), biringanya, kachumbari na achari. Ukimaliza hizo, samaki utamtazama tu.

Samaki gani, na apikwe vipi

Hapa ndipo mlo unapoharibika au kunoga, kuliko kwenye jina la mkahawa.

Mkizi, kwa Kimisri *buri*, ana mafuta na anavumilia moto mkali. Njia mbili zinamfaa. Ya kwanza ni *radda*: samaki haparwi magamba, anavingirishwa kwenye pumba za ngano na kubanikwa juu ya chuma cha moto hadi ngozi iwe nyeusi kama mkaa. Mgeni akimwona hudhani ameungua. Hajaungua, ngozi na pumba ni ganda tu, unalibandua lote na ndani unakuta nyama nyeupe yenye maji yake. Ya pili ni *singari*: anapasuliwa mgongoni, anafunguliwa kama kitabu, anawekewa nyanya, kitunguu, pilipili hoho, kitunguu saumu na giligilani, kisha anaokwa. Singari inafaa zaidi kwa anayekula na watoto, kwa kuwa mifupa inaonekana wazi.

*Denis*, ambaye umbo lake litamkumbusha mtu wa pwani yetu changu, na *arus* mwenye mwili mrefu ni samaki wa nyama laini. Hao waombe kwa mafuta na ndimu au kwa radda. Ukiwakaanga, unalipia samaki wa bei ili ule ladha ya unga.

*Barbuni* ni wa ukoo wa mkundaji, mdogo na mwekundu. Kazi yake ni kukaangwa tu, na bizari nyembamba na kitunguu saumu, hadi mapezi yakatike kwa meno. Anayemwagiza wa kubanika atapata mifupa mikavu.

Ngisi na dome huwa mpira wakikaa motoni katikati ya muda mfupi na mrefu: ama dakika mbili tatu kwenye mafuta ya moto, ama wapikwe taratibu kwenye chungu cha *tagin*. Usiwaagize wabanikwe sinia moja na samaki mkubwa, kwa sababu jiko litawasubirisha mpaka mkubwa aive. Kaa mchague kwa uzito, si kwa ukubwa. Akiwa mwepesi mkononi, ndani ni maji.

Kuhusu *bulti*, huyo ni sato. Ni samaki mzuri, wa maji baridi, na Misri inamfuga kwa wingi. Nchi hiyo ndiyo inayoongoza Afrika kwa ufugaji wa samaki. Lakini mtu aliyetoka Mwanza kuja kula sato mbele ya Bahari ya Kati amejipunja mwenyewe.

Kufugwa kwenyewe si siri wala aibu. Mkizi, denis na arus wengi sokoni wanatoka mabwawani. Dalili yao ni kimo: ukiona denis ishirini kwenye barafu, wote sawasawa kama waliokatwa kwa rula, hao ni wa bwawa. Wa bahari huja wa vimo tofauti na bei yake ni ya juu. Mkizi wa bwawa wakati mwingine ana harufu ya tope, na huyo singari yenye nyanya na saumu nyingi humfaa kuliko radda. Uliza tu: *bahr* au *mazari'*? Muuzaji wa kweli hujibu bila kusita.

Ubichi unapimwa kama kwenye soko la Ferry Dar es Salaam au la Malindi Zanzibar: shavu jekundu, jicho lililojaa, nyama inayorudi ukiibonyeza. Kwa kamba, tazama kichwa. Kikianza kuwa cheusi pale kinapoungana na mwili, mwache.

Pamoja na samaki omba *sayadeya*, wali wa kahawia. Rangi yake inatoka kwenye kitunguu kilichokaangwa hadi kikaribie kuungua kabla ya kutiwa maji, njia ambayo kila mpishi wa pilau anaijua. Ukiletwa wali wa njano, umepewa wali wa bizari na si sayadeya. Rudisha kwa adabu.

Corniche: kula kwa menyu, na bahari dirishani

Upande huu wa barabara ya ufukweni samaki ni yule yule, wa soko lile lile. Kinachouzwa zaidi ni kiti. Fish Market iko juu ya maji ya bandari ya mashariki, ina menyu iliyoandikwa pamoja na barafu ya kuchagulia, na mkate huokwa hapo hapo. White and Blue, ndani ya klabu ya wanamaji ya Wagiriki karibu na Qaitbay, ina baraza la juu linaloangalia mashua na ngome. Ni kati ya sehemu chache za samaki zinazouza pombe. Wasiotaka kukaa panaponywewa wajue hilo mapema. Mikahawa ya Bahary kwa kawaida haiuzi.

Kipi bora? Anayekula peke yake aende kwenye menyu. Mizani haimpendi mtu mmoja: samaki wazuri huanzia gramu 600, na robo kilo ya kila kitu inakera jiko. Kwenye menyu atapata supu ya vitu vya baharini, sahani ya kamba na wali, basi. Mwenye mkutano wa kikazi vilevile, maana hakuna mtu anayejadili mkataba huku akibandua ngozi ya radda kwa vidole. Kwa familia au marafiki wanne na kuendelea, Bahary inashinda bila ubishi.

Siyo kwamba Corniche bei zake ni wazi zaidi, ingawa zinaonekana hivyo. Bei iliyoandikwa mara nyingi haina nyongeza mbili: huduma, kwa kawaida asilimia 12, na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 14. Ya pili huhesabiwa juu ya jumla iliyokwisha ongezwa ya kwanza. Tuseme, kwa mfano tu, kilo 1.2 ya samaki kwa pauni 400 kilo ni 480. Saladi na mkate wa watu wawili 100, wali 80, maji 20. Jumla 680. Ongeza asilimia 12, inakuwa 761.6, ongeza 14 juu yake, inakuwa pauni 868. Ile 680 kichwani mwako imepanda kwa zaidi ya robo, na hakuna aliyekudanganya. Sehemu nyingi ndogo za Bahary haziweki zote mbili, zingine haziweki hata moja, lakini huko bakshishi inatarajiwa mkononi. Kwenye hesabu yenye huduma, kidogo juu yake kinatosha.

Saladi zinazokuja bila kuagizwa huleta ugomvi sehemu zote mbili. Karibu kila mahali zinalipiwa kwa kichwa. Usizozitaka, zirudishe kabla hujazigusa. Ukishachovya mkate mara moja, ni zako.

Raml: bila samaki, bila mizani

Mahattat al-Raml ni katikati ya mji wa kale wa mikahawa ya Kigiriki na Kiitaliano, na humo ndimo chakula cha kila siku cha Iskanderia kilipo. Mohamed Ahmed, barabara ya Shakour Pasha, inauza ful na falafel tangu miaka ya 1950. Hakuna nyama wala samaki, na hukuti meza tupu saa nne asubuhi.

Ful ni maharage makubwa ya kahawia yaliyochemshwa taratibu usiku kucha kwenye mtungi wa shingo nyembamba. Ful *iskandarani* hupondwa na kuchanganywa na nyanya, kitunguu, pilipili, bizari nyembamba, ndimu na tahina. Ya kawaida ni ya mafuta na ndimu tu. Kwa anayeionja mara ya kwanza, iskandarani ndiyo ya kuagiza, kwa sababu ile nyingine bila mazoea huonekana kama uji wa maharage. Falafel ya hapa ni ya ful iliyosagwa na majani mabichi, si ya dengu. Ndani lazima iwe kijani. Watu wa Cairo huiita ta'miyya, na ukitumia neno hilo Iskanderia utarekebishwa kwa tabasamu. Wawili wanashiba kwa sahani mbili za ful, sahani moja ya falafel, tahina, achari na mkate, kwa fedha ambayo Bahary isingenunua kamba robo kilo. Wanafunzi wa Senghor, chuo kinachofundisha kwa Kifaransa, wakiwemo wanaotoka Kongo, Burundi na Rwanda, wataelewa umuhimu wa hesabu hiyo.

Ful ya asubuhi na ful ya saa tatu usiku si kitu kimoja. Usiku imeshakauka mtungini, ikaongezwa maji. Kula kabla ya saa tano asubuhi.

Usiku ni zamu ya maini, *kibda iskandarani*: maini ya ng'ombe yaliyokatwa membamba kama kidole cha mtoto, yakakaangwa haraka kwa moto mkali pamoja na kitunguu saumu, pilipili za kijani na bizari nyembamba, yakakamuliwa ndimu na kutiwa kwenye mkate mwembamba wa *fino* na tahina. Mikate ni midogo, agiza mitatu. Kabla hujalipa tazama karai. Yakikaangwa kidogo kidogo kila wateja wanapokuja, kaa. Yakiwa yamerundikwa pembeni, ya kijivu, yanapashwa tu, ondoka. Yatakuwa magumu kama ngozi ya kiatu. Na usiyakubali yakiwa mabichi ndani. Karibu na hapo utaona pia *hawawshi*, mkate uliojazwa nyama ya kusaga. Ya Iskanderia hufungwa kwa donge bichi la unga na kuokwa, si kwa mkate uliokwisha iva kama ya Cairo, kwa hiyo inachukua muda zaidi na inastahili kusubiriwa.

Kwa kitu kitamu, Délices (1922) na Trianon ziko umbali wa dakika chache kwa miguu, eneo la Saad Zaghloul. Délices ina keki bora, Trianon ina ukumbi bora. Orofa za juu ya Trianon ndimo alimofanyia kazi mshairi Constantine Cavafy, akiwa karani wa idara ya umwagiliaji. Anayetaka kahawa tu na hana haja ya kukaa aende Brazilian Coffee Stores ya 1929.

Abu Qir, kama una mchana mzima

Ni zaidi ya kilomita 20 mashariki, kwenye ghuba ambako Nelson aliteketeza meli za Napoleon mwaka 1798. Mkahawa wa Zephyrion, ulioanzishwa na Wagiriki mwaka 1929, uko ufukweni kabisa na unauza kwa mizani. Kwa ladha tu safari hailipi. Bahary inakupa samaki huyo huyo. Inalipa kwa utulivu, siku za katikati ya wiki, nje ya Julai na Agosti. Basi dogo linaloitwa *mashru'* litakupeleka kwa senti chache, lakini hesabu saa nzima na zaidi kila upande. Ukichukua teksi, patana na nauli ya kurudi kabla hujapanda.

Saa na majira

Chakula cha mchana cha Iskanderia kinaanza saa nane na kuendelea hadi saa kumi na moja. Ukifika Bahary saa saba utakuta barafu imejaa na meza tupu, nafasi nzuri ya kuchagua. Ijumaa mchana subiri swala iishe, kisha wahi, kwa kuwa dakika ishirini baadaye mtaa umejaa. Ramadhani mchana ni kufungwa, na futari sehemu zinazojulikana inahitaji kuwekewa nafasi.

Majira ya baridi yana kitu kingine: *nawwa*, dhoruba zenye majina na tarehe zake ambazo wavuvi wanazihesabu kama wetu wanavyohesabu kusi na kaskazi. Maknasa huja katikati ya Novemba, Qasim mwanzoni mwa Desemba, Fayda kubwa mwezi wa Januari. Bandari hufungwa, mashua zinakaa siku mbili, tatu, wakati mwingine zaidi. Siku hizo samaki wa bahari walioko kwenye barafu ni wa juzi, na bei zimepanda. Ama ule wa bwawa ukijua ni wa bwawa, ama uende Raml kwa ful. Siku ya pili baada ya bandari kufunguliwa ndiyo siku ya kwenda Anfoushi, na ukipata duka la kubanika linalokubali kukupikia, nunua mwenyewe sokoni umpeleke samaki huko, ulipie upishi kwa kilo.

Vitu viwili viache, hata ukikaribishwa kwa moyo mmoja. *Umm al-khulul*, kome wadogo wanaoliwa bila kupikwa kwa ndimu na pilipili, huchuja maji machafu ya pwani na kuyabakiza mwilini mwao. Na *fasikh*, mkizi aliyevundikwa kwa chumvi anayeliwa sikukuu ya Sham al-Nasim: akivundikwa vibaya hubeba sumu ya botulini inayopoozesha mwili, na wizara ya afya ya Misri huonya juu yake karibu kila mwaka.

Kahawa ya kumalizia taja sukari wakati wa kuagiza, kwa kuwa inapikwa nayo: *sada* ni chungu, *mazbut* ya wastani, *ziyada* tamu. Ukisubiri iletwe ndipo uombe sukari, utakoroga masimbi yote yaliyokuwa yametulia chini.